Je, wajua kwa nini nguvu inatangulia, misuli inafuata?

Mtu mzima aliyekaa miaka bila mazoezi akianza haya ya mchanganyiko, skwati, pushapu, kuruka boksi, kunyanyua chuma, yote harakaharaka na mapumziko mafupi, mwezi hauishi anaona pushapu zimetoka 5 mpaka 12. Halafu anajiangalia kwenye kioo, mkono ni uleule, mzani nao kilo zilezile, anasema hamna kitu hapa, anaacha. Inaniuma sana hiyo, maana anaacha wakati mwili umeshaanza kumlipa.

Wengi tunaamini nguvu ni unene wa misuli basi. Unene una kazi yake, ila hautangulii. Mwaka 1979 watafiti Moritani na deVries walifuatilia mazoezi ya mkono kwa wiki 8, wakakuta wiki 3 mpaka 5 za mwanzo nguvu inatoka zaidi kwenye neva, yaani nyaya za mwili zinazobeba amri za ubongo mpaka kwenye misuli, misuli kujaa kunakuja baadaye. Cha ajabu zaidi ni cha 1894, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mtafiti aliyeitwa Scripture na wenzake walizoesha mkono mmoja tu kubana, na ule mwingine ambao haukufanya chochote nao ukapata nguvu! Kama nguvu ni nyama peke yake, huo mkono wa pili umeitoa wapi?

Iko hivi. Seli moja ya neva inaamuru kikundi cha nyuzi za misuli, kwenye jicho nyuzi chache tu, kwenye kigimbi mia na mia. Sasa fikiria wavuvi wanavuta juya ufukweni, watu 20, ila nusu wamekaa mchangani, waliosimama kila mmoja anavuta kwa wakati wake, na wengine wameshika kamba upande wa pili wanarudisha. Juya haliji. Akitokea wa kuita mwito, waliokaa wakainuka, wote wakavuta pamoja na wale wapinzani wakalegeza, juya linakuja na hamna mtu aliyeongezwa. Misuli ya mtu asiyefanya mazoezi ndio kikosi hicho, wiki za mwanzo mwili unajifunza kuita mwito, na kwa kuwa mwito unatoka kwenye ubongo na neva, hata mkono uliopumzika unaweza kufaidika.

Pumzi nayo inafunguka mapema, kwa sababu ndani ya siku chache tu maji ya damu yanaongezeka na moyo unasukuma damu nyingi zaidi kila pigo. Ila tafiti za mazoezi ya aina hii nyingi ni za watu wachache na wiki chache, na kilo kwa kawaida hazishuki sana bila kugusa chakula, kwa hiyo anayekuahidi kitambi kuisha mwezi mmoja usimsikilize.

Na kuna hatari, kano zinakomaa polepole kuliko neva, kwa hiyo mwezi wa kwanza unaweza kujisikia uko fiti kubeba uzito ambao goti bado haliuwezi. Panda taratibu. Mwenye presha, sukari au tatizo la moyo aonane na daktari kabla hajaanza, na yeyote akiona mkojo wa kahawia baada ya mazoezi makali aende hospitali siku hiyohiyo, hapo misuli inaweza kuwa imeharibika na figo ndizo zinazoumia.