Kuongoza kwenye kura ya maoni si kushinda uchaguzi

Wagombea na mawakala wao huja na ukurasa mmoja tu wa ripoti ya kura ya maoni, yaani utafiti wa kuuliza watu watampigia nani, ule wa majina na asilimia, wakitaka kujua kama tayari wameshinda. Kurasa zenye jibu hawajazifungua.

Dhana: Anaongoza kwa pointi sita na kiwango cha makosa ni 2.2, basi ameshinda.

Kiwango cha makosa ni pointi ambazo asilimia inaweza kupotoka, juu au chini. Hiyo 2.2, inayotokana na kuhoji watu 2,000, ni ya asilimia ya mgombea mmoja. Pengo kati ya wawili wanaokabana lina kiwango chake, karibu mara mbili: pointi 4 hivi. Na hata pengo likizidi hapo, hesabu hiyo hupima bahati ya kuchagua wahojiwa tu. Haipimi walionyamaza wala watakaobaki nyumbani.

Tazama Kenya 2022. Wiki ya mwisho kampuni ya utafiti ya Ipsos ilimpa Raila Odinga 47 na William Ruto 41. Asilimia 12 iliyosalia ilikuwa ya wagombea wengine, wasioamua na waliokataa kusema. Matokeo ya IEBC, tume ya uchaguzi: Ruto 50.49, Odinga 48.85, wengine wote hawakufikisha hata moja. Ruto alipanda pointi tisa na zaidi, Odinga hakufikisha mbili. Tena waliojitokeza Mombasa, ngome ya Odinga, hawakufika nusu ya waliojiandikisha, huku Bomet na Kericho za Ruto zikikaribia asilimia 80.

Kwa hiyo, kabla ya kushangilia, jumlisha wasioamua na waliokataa. Wakizidi pengo, usitaje mshindi. Kisha uliza ni wangapi wana hakika watapiga kura, eneo kwa eneo. Angalia pia tarehe za mahojiano, si tarehe ya kuchapishwa: sheria ya Kenya inazuia kuchapisha kura za maoni siku tano kabla ya uchaguzi, na katika siku hizo watu huamua.

Dhana: Mimi sijawahi kuhojiwa, kwa hiyo kura za maoni zimepikwa.

Waliojiandikisha 2022 walikuwa milioni 22.1. Ukihoji 2,000, ni mmoja kati ya 11,000. Ingeshangaza kama ungehojiwa.

Dhana: Wengi wakisema nchi inaelekea pabaya, walioko serikalini wameanguka.

Hasira hutafuta mtu wa kuibeba. 2022 Rais Kenyatta alimuunga mkono Odinga, kiongozi wa upinzani wa miaka mingi, na Naibu Rais wake, Ruto, ndiye aliyevuna manung'uniko dhidi ya serikali. Linganisha swali la mwelekeo wa nchi na swali la mgombea, kwa wahojiwa walewale. Likisimama peke yake halitabiri kitu.

Dhana: Ripoti ya taifa inaonyesha tunaongoza kaunti yetu.

Watu 2,000 kwa kaunti 47 ni wastani wa watu 43. Kiwango cha makosa hapo ni kama 15, juu na chini. Mgombea ugavana anayetaka kujua hali yake agharamie utafiti wa kaunti wa watu 400 angalau, apate kiwango cha 5.