Koo la mtoto na moyo wake: maswali na majibu kuhusu homa ya baridi yabisi na dawa za nyumbani

Koo linahusiana vipi na moyo?

Kuna bakteria anayeitwa streptokoka wa kundi A, ambaye hukaa kooni na kwenye ngozi. Akivamia koo, mwili hutengeneza askari wa kumkabili. Tatizo ni kwamba protini zilizo kwenye ganda lake, hasa ile iitwayo protini M, zinafanana na protini za misuli na vali za moyo, yaani milango inayoelekeza damu ndani ya moyo. Kwa baadhi ya watoto, pengine kwa sababu ya kile walichorithi, askari wale wale waliomfukuza bakteria hugeukia moyo, viungo, ngozi na hata ubongo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi: ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wake wenyewe.

Huanza wiki 2 hadi 3 baada ya koo kuuma, wakati koo limeshasahaulika. Wengi wanaoupata wana umri wa miaka 5 hadi 15. Viungo hupona vizuri, lakini vali za moyo huweza kubaki na kovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu.

Nitajuaje kwamba koo hili si mafua tu?

Koo nyingi zinazouma husababishwa na virusi, na hizo hazihitaji antibiotiki. Mtoto akiwa na kamasi, kikohozi, sauti iliyokauka au macho mekundu, yaelekea ni virusi. Shuku streptokoka pale koo linapoanza kuuma ghafla, homa ikiwa juu ya nyuzi 38, mafindofindo yamevimba na yana usaha mweupe, tezi za mbele ya shingo zinauma ukizigusa, na kikohozi hakuna. Mtoto wa umri wa kwenda shule mwenye dalili hizi apelekwe kituo cha afya ndani ya siku moja au mbili. Kipimo cha kupangusa koo kikiwepo, apimwe. Kisipokuwepo, mhudumu ataamua kwa dalili hizo hizo.

Tulimpa asali na tangawizi, siku ya nne akawa mzima. Kituo cha afya cha nini tena?

Swali hili lina uzito kuliko yote, kwa sababu linatoka kwa wazazi makini walioona kwa macho yao mtoto akipona.

Koo la streptokoka hupunguza maumivu lenyewe ndani ya siku 3 hadi 5, hata mtoto asipopewa kitu chochote. Kwa hiyo chochote alichokunywa siku hizo, iwe asali, mwarobaini au soda ya moto, hupata sifa. Lakini maumivu kuisha na bakteria kuisha ni mambo mawili tofauti. Bakteria anaweza kubaki kooni kwa wiki kadhaa bila kuuma, na muda wote huo anaendelea kuchokoza kinga ya mwili.

Ushahidi ulipatikana mapema. Karibu mwaka 1950, katika kambi ya jeshi la anga ya Warren huko Wyoming, Marekani, madaktari waliwafuatilia askari waliougua koo hili. Kati ya 798 waliopewa penisilini, 2 walipata homa ya baridi yabisi. Kati ya 804 ambao hawakupewa, walioipata walikuwa 17. Baadaye ilionekana kwamba penisilini huzuia ugonjwa hata ikianza siku ya 9 tangu koo lianze kuuma. Huo ni muda wa kutosha kupata nauli na kufika zahanati, lakini si wa kujaribu dawa tatu za jirani kwanza.

Na kwa wale wanaotaka dawa ya asili pekee: penisilini ilitokana na ukungu, ule wa jamii ya unaoota kwenye mkate uliochacha. Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928. Maji ya tangawizi bado hayajaonyesha kwamba yanaweza kumwondoa streptokoka kooni.

Basi dawa za nyumbani hazina kazi?

Zina kazi ya kupunguza maumivu ili mtoto aweze kunywa na kulala, wakati penisilini inafanya yake. Zitumie pamoja nayo.

Maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji vuguvugu ya mililita 250. Asukutue koo kwa nusu dakika, ateme, arudie mara 3 au 4 kwa siku. Mtoto wa chini ya miaka 6 humeza badala ya kutema, kwa hiyo muache. Ukizidisha chumvi ukidhani itafanya kazi haraka, koo litakauka na kuuma zaidi.

Asali: kijiko kimoja cha chai, kitupu au kwenye maji vuguvugu. Asiyetimiza mwaka mmoja asipewe kabisa, hata ya kulamba kidoleni. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria anayeleta botulizimu, sumu inayolegeza misuli ya mtoto mchanga hadi ashindwe kupumua.

Tangawizi: kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kikatwe vipande vyembamba na kuchemshwa dakika 10 kwenye vikombe viwili vya maji. Kipoe hadi kiwe vuguvugu. Uji mwepesi na maji ya kutosha vina msaada kuliko watu wanavyodhani; asiyekojoa kwa saa 8 hanywi vya kutosha.

Kwa homa, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anapata miligramu 300, ambayo ni mililita 12.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Soma chupa yako, kwa sababu nguvu zinatofautiana. Usimpe mtoto aspirini kwa uamuzi wako.

Vya kuacha: kitunguu saumu kibichi kilichopondwa na kupakwa kooni, kwa sababu huunguza ngozi laini, mafuta ya taa, ambayo huingia mapafuni, na kumfukiza mtoto mdogo juu ya sufuria, maana huishia kwenye majeraha ya kuungua.

Bibi yake anasema akatwe kimeo ndipo koo litapona. Tumjibu nini?

Mjibuni kwa heshima, lakini msikubali. Kimeo huvimba kwa sababu koo zima limevimba, na maambukizi yakitibiwa hurudi saizi yake. Kukikata hakumwondoi bakteria, kwa kuwa yuko kwenye mafindofindo na ukuta wa koo. Kinachoongezeka ni kidonda kibichi, hatari ya kuvuja damu sana, pepopunda, na VVU kama kisu kimetumika kwa wengine. Bibi anaweza kupewa kazi ya kuhesabu vidonge kila siku hadi viishe. Wengi huifanya kwa uaminifu kuliko wazazi.

Matibabu yenyewe ni dawa gani, na kwa kiasi gani?

Njia ya kwanza ni sindano moja tu ya benzathini penisilini kwenye msuli: uniti 600,000 kwa mtoto wa chini ya kilo 27, uniti milioni 1.2 kwa mwenye kilo 27 au zaidi. Ya pili ni amoksisilini ya kumeza, miligramu 50 kwa kila kilo mara moja kwa siku, isizidi gramu 1, kwa siku 10 kamili. Mtoto wa kilo 15 apate miligramu 750. Mwenye mzio wa penisilini atapewa dawa nyingine na mhudumu.

Tiba ya vidonge huharibika siku ya 4, koo linapotulia na mzazi akaweka vilivyobaki kwa ajili ya mdogo wake. Kosa jingine ni kununua kotrimoksazoli, maarufu kama Septrin, au tetrasaiklini. Hizi hazimwondoi streptokoka kooni, kwa hiyo mtoto anakuwa amemeza dawa na bado hana ulinzi.

Dalili zipi zinaonyesha kwamba homa ya baridi yabisi imeanza?

Viungo vikubwa huvimba na kuuma kwa kuhama: leo goti, keshokutwa kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Mtoto anaweza kuchoka kwa kutembea kidogo, kukosa pumzi akilala chali, au moyo kumwenda mbio. Wengine huanza kutikisa mikono na uso bila kukusudia, mwandiko unaharibika, vikombe vinaanguka. Walimu humwona mtukutu na ndugu hushuku uchawi, kumbe ni ubongo ulioguswa na ugonjwa huu. Dalili hiyo inaweza kuchelewa miezi kadhaa baada ya koo.

Yeyote kati ya hawa anahitaji hospitali yenye kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, yaani eko. Kuchua goti kwa mafuta kunapoteza siku.

Mtoto wetu aliyepata homa ya baridi yabisi ameambiwa achomwe sindano ya penisilini kila wiki 4. Hadi lini, na je, kweli inasaidia?

Kama moyo haukuguswa: angalau miaka 5 au hadi atimize miaka 21, kutegemea kipi kinachelewa zaidi. Moyo uliguswa lakini vali zikapona: miaka 10 au hadi miaka 21. Vali zimebaki na kovu: miaka 10 au hadi miaka 40, na kwa wengine maisha yote.

Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda, eneo la Gulu, ulihusisha watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao athari kwenye vali zao zilionekana kwa eko tu. Nusu walichomwa kila wiki 4. Baada ya miaka 2, vali zilizidi kuharibika kwa 3 wa waliochomwa, na 33 wa wasiochomwa.

Sindano inauma, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watoto kuacha. Mwombe mhudumu aviringishe kichupa viganjani hadi kipate joto la mwili, aache spiriti ikauke, abonyeze eneo kwa kidole gumba kwa sekunde 10, kisha aisukume dawa polepole kwa dakika 2 hadi 3. Mtoto awe amekula na kunywa, alale, na abaki kituoni dakika 30 akiangaliwa kama ana mzio. Mwenye vali zilizoharibika sana, anayekosa pumzi au kuvimba miguu, aulize daktari kama anafaa kupewa penisilini ya vidonge badala yake. Kwake mshtuko wa sindano wenyewe unaweza kuuelemea moyo.

Je, mitishamba ya kuongeza kinga?

Tahadhari. Kinga ya mtoto huyu haijapungua, imeelekea pasipostahili. Kuichochea hakutibu kosa hilo.

Hatari iliyo wazi ni kwa waliowekewa vali ya chuma na wanaomeza wafarini ya kuzuia damu kuganda. Vitunguu saumu, tangawizi au manjano kwa wingi, hasa vya vidonge na unga, vinaweza kuongeza kuvuja damu. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini. Usiviache, ila kula kiasi kilekile kila wiki, na upime INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, kama ulivyopangiwa.

Nyumbani tufanye nini ili maambukizi yasijirudie?

Hapa njia za asili zinashinda. Bakteria huyu hupita kwa mate na mguso, na hupenda chumba chenye watu wengi. Fungueni madirisha usiku. Wanaolala kitanda kimoja walale kichwa huku na kichwa kule. Sabuni ya kawaida inatosha: huko Karachi, nyumba zilizopewa sabuni na kuhimizwa kunawa zilipunguza majipu na vidonda vya ngozi kwa watoto kwa asilimia 34. Upele utibiwe kwa watu wote wa nyumba siku moja, kwa sababu ngozi iliyokunwa ni mlango wa streptokoka. Vidonda hivyo vinaweza kuleta ugonjwa wa figo pia: mkojo wa rangi ya chai ya rangi na uso uliovimba asubuhi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Meno yasafishwe mara mbili kwa siku. Mswaki wa mti unafaa ukitafunwa hadi uwe na nyuzi laini, kwa sababu fizi zinazotoka damu huingiza bakteria moja kwa moja kwenye vali zilizo na kovu. Mwambie daktari wa meno kuhusu vali kabla hajang'oa jino.

Binti yetu anachomwa sindano hizi tangu utotoni, sasa ni mjamzito. Aache?

Asiache, penisilini ni salama kwa ujauzito. Ahudhurie kliniki mapema, aseme historia yake siku ya kwanza, na afanyiwe eko kabla ya wiki ya 28. Karibu na hapo wingi wa damu hukaribia kilele chake na vali iliyobana inaweza kuanza kushindwa. Akikosa pumzi akilala chali au akikohoa usiku, apelekwe hospitali usiku huohuo.