Hisa ya shilingi 400 sio rahisi kwa sababu ni shilingi 400

Jumatatu amekuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, kiinua mgongo kimeshaingia na anataka kuweka milioni tano kwenye hisa. Mkononi ana karatasi, kampuni zote za DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, kazipanga kutoka bei ndogo mpaka kubwa kwa kalamu ya bluu, safi kabisa, akaniambia "mwanangu nipe hizi nne za juu, mi nataka zilizo rahisi ili nipate nyingi." Niko kwenye udalali wa hisa mwaka wa kumi na moja na hiyo kauli naisikia karibu kila wiki, kwa wastaafu, kwa vijana wa benki, hata kwa wahasibu ambao mahesabu ndo kazi yao, kwahiyo leo naiandika nikiwa nimechoka nayo kabisa.

Bei ya hisa moja haikuambii kama hisa ni rahisi au ghali. Haikuambii chochote mpaka ujue kampuni imekatwa vipande vingapi na kila kipande kinaingiza nini.

Nilimuuliza hivi, mama ukienda soko la Kisutu ukakuta fungu la nyanya la 500 na fungu la 2,000 unachukua lipi? Akasema inategemea nyanya ziko ngapi na kama hazijaoza. Nikamwambia basi unajua tayari, tatizo ni kwamba ukifika kwenye hisa unaacha akili ya sokoni nje ya mlango.

Chukua benki zetu mbili kubwa maana namba zake ziko wazi. NMB ina hisa milioni 500. CRDB ina hisa bilioni 2.61. Karibu na mwisho wa 2023 NMB ilikuwa kwenye 4,500 na CRDB kwenye 460, na watu walikuwa wanasema NMB ni ya matajiri, mara kumi ya CRDB. Haya zidisha. NMB nzima inakuja kama trilioni 2.25, CRDB nzima kama trilioni 1.2, haifiki hata mara mbili. Ile "mara kumi" ilitokana na ukubwa wa vipande tu.

Sasa gawanya faida. Mwaka huo 2023 NMB ilipata kama bilioni 545 baada ya kodi, kwa kila hisa ni kama 1,090. CRDB ilipata kama bilioni 424, kwa kila hisa ni kama 162. Kwahiyo aliyenunua NMB kwa 4,500 alilipa faida ya miaka minne na kidogo, na aliyenunua CRDB kwa 460 alilipa faida ya miaka karibu mitatu, na hizo namba mbili, nne na tatu, ndo za kulinganisha, ile 4,500 na 460 uzisahau.

Hapo mama akaruka, "si unaona, ya bei ndogo ndo imekuwa rahisi!" Hapana, na hapa ndo watu wengi wanateleza tena baada ya kuelewa nusu. CRDB ilikuwa rahisi zaidi siku ile kwa sababu ya faida yake ukilinganisha na bei, sio kwa sababu 460 ni namba ndogo. CRDB wangeamua kesho yake kuunganisha hisa kumi kuwa moja, bei ingekuwa 4,600, juu ya NMB, na bado ingekuwa imelipiwa miaka mitatu ileile ya faida, na nina uhakika nusu ya wateja wangu wangekimbia wakisema imepanda sana. Kinyume chake kilitokea kweli kwa majirani, Equity ya Kenya mwaka 2009 iligawa kila hisa moja kuwa kumi, mwenye mia akawa na elfu, bei ikagawanyika kwa kumi, mfuko wake ukabaki vilevile. Kuwa na hisa nyingi sio kuwa na mali nyingi.

Halafu angalia upande wa pili. Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa umma mwaka 2017 kwa 850, na baadae ikakaa muda mrefu sana kwenye 770. Mtu anaona 770, anaona NMB 4,500, anachukua Voda anasema nimepata kwa bei poa. Kampuni ina hisa bilioni 2.24, mwaka wake wa fedha ulioisha Machi 2023 ilipata faida kama bilioni 44, yaani kama shilingi 20 kwa hisa. 770 gawanya kwa 20 ni miaka 38. Mwaka uliotangulia ilikuwa na hasara kabisa, kwahiyo mnunuzi wa wakati ule alikuwa analipia matumaini kwamba faida itakua. Hilo sio kosa, kampuni ya simu sio benki na matumaini yanaweza kutimia, lakini ujue unalipia nini, usiseme umenunua rahisi.

Na Precision Air ndo kabisa. Iliingia sokoni mwisho wa 2011 kwa 475, ikaganda kwenye mia nne na kitu miaka na miaka huku hasara zinarundikana mpaka mtaji wa wanahisa kwenye vitabu, yaani mali ukitoa madeni, ukawa chini ya sifuri. Faida ya kugawanya hakuna. Hapo hata shilingi 50 unaweza kukuta ni ghali, na kwenye karatasi ya mama ilikuwa huko juu, kwenye bei ndogo.

Kwahiyo kabla hujaniambia hisa ni rahisi nataka unitajie vitu vitatu, idadi ya hisa, faida ya kila hisa kwa miaka mitano sio mmoja, na mtaji wa wanahisa kwa kila hisa. Vyote viko kwenye ripoti ya mwaka, bure, hulipii hata mia. Ukishindwa kunitajia bado hujafika wakati wa kununua, na mi ntakuambia hivyo hata kama nakosa kamisheni.

Inayofuatia kwa kuniumiza kichwa ni hii, kwamba hisa ikishuka sana lazima irudi. Wanaoiamini wananitajia CRDB na nakubali ni mfano mzuri, ila wanausimulia nusu. Mwaka 2015 benki iliuza hisa mpya kwa wanahisa wake kwa 350. Mwaka 2017 faida ikaporomoka mpaka kama bilioni 36 sababu ya mikopo chechefu, ile isiyolipwa, gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, likawa shilingi 5 kwa hisa, na mwaka 2019 hisa ikafika kama 100, chini ya ile 150 waliyouziwa watu kwenye IPO, uuzaji wa kwanza wa hisa kwa umma, ya 2009. Kila mtu anakimbia. Lakini mtaji wa wanahisa kwenye vitabu ulikuwa zaidi ya bilioni 700, yaani zaidi ya 260 kwa kila hisa, na ripoti za kila robo mwaka zilikuwa zinaonyesha mikopo chechefu inasafishwa na faida inarudi, bilioni 64 mwaka 2018, bilioni 120 mwaka 2019. Anayesoma aliona. Aliyenunua kwa 100 akatulia akapokea gawio la 17 kwa mwaka 2019, kisha 22, 36, 45 na 50 ya mwaka 2023. Jumlisha, ni 170 kabla ya ile asilimia 5 ya kodi ya zuio inayokatwa kwenye gawio. Hela yake yote imerudi kwa gawio tu na ziada juu, na hisa bado anayo mkononi.

Sasa weka pembeni Mumias, ile ya sukari Kenya. Ilishuka, watu wakanunua, ikashuka tena, wakaongeza kushusha wastani wa bei waliyonunulia, ikafika senti, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mfilisi na hisa zikasimamishwa pale Nairobi. Mpaka leo kuna watu wamezishika. Kwenye grafu, CRDB ya 2019 na Mumias zinafanana kabisa, mteremko mmoja. Ukifungua vitabu ndo unaona moja ina mtaji na faida inayoinuka, nyingine inadaiwa kushoto kulia na kiwanda kinasimama kwa kukosa miwa. Hisa haina kumbukumbu ya bei yako uliyonunulia na haina deni na wewe. Inarudi biashara ikirudi. Naandika hivi kwa uchungu maana mzee wangu mwenyewe, baba mdogo, alikuwa anaongeza kila ikishuka kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja, na kila nikimwambia twende tusome ripoti anasema "hii nimeshaizoea".

Zilizobaki nazipitisha haraka.

Kuna hii ya kwamba uwiano mdogo wa bei na faida, ile miaka minne na mitatu ya juu, unatosha. Hautoshi. Kampuni ikiuza jengo lake mwaka huu faida inaruka mara moja, uwiano unaonekana mdogo, mwakani jengo halipo na faida haipo. Ndo maana nasema miaka mitano, na usome mtiririko wa fedha kabla ya ukurasa wa faida, kama faida inaandikwa kila mwaka lakini fedha taslimu hazionekani kuna kitu hakiko sawa. Kwa benki mtiririko hausaidii sana, we angalia mikopo chechefu, Benki Kuu inataka iwe chini ya asilimia 5.

Nyingine, gawio kubwa maana yake hisa nzuri. Gawio linatoka kwenye faida, likizidi faida jua wanakula akiba. NMB kwa mwaka 2023 ililipa 361 kutoka kwenye faida ya 1,090, theluthi, hiyo inapumua. Na tafadhali acheni kukimbilia kununua siku chache kabla ya daftari la wanahisa kufungwa, siku ya kujua nani atapata gawio, mkidhani ni hela ya bure, likishafungwa bei inaweza kushuka kiasi kilekile, na kamisheni na tozo ni kama asilimia 2 kununua na kama asilimia 2 kuuza.

Wengine wanasema bei haisogei basi kampuni imekufa. TBL ilikaa 10,900 kwa miaka, bia zinauzwa kila siku nchi nzima. Bei haikusogea kwa sababu hakuna aliyekuwa anauza wala kununua, hisa nyingi ziko kwa mwenye kampuni. Soko letu ni dogo na lina ukame wa wauzaji, kwahiyo bei ya kwenye ubao inaweza kuwa ya mwezi uliopita. Ndo maana kila siku nasema weka oda yenye bei yako, usiseme "ninunulie kwa bei yoyote", kwenye hisa isiyouzwa hiyo kauli inakugharimu, na ukiwa na kiasi kikubwa nunua kidogokidogo kwa wiki kadhaa.

Halafu "muda mrefu" sio kununua na kusahau. Kuna watu wamesahau kweli, wamebadilisha namba ya simu na akaunti ya benki, magawio ya miaka yanasubiri. Muda mrefu ni kushika wakati sababu zako bado zipo, na kuzikagua kila ripoti ikitoka, benki zinatoa kila baada ya miezi mitatu hata kwenye magazeti zipo. Sababu ikivunjika unauza hata kama una miezi miwili tu.

Na ile ya kwamba lazima uwe na mamilioni sina hata nguvu ya kuijibu, unafungua Hisa Kiganjani, programu ya DSE, kwenye simu yako unanunua hisa chache unaanza.

Mama mwalimu hakununua siku ile. Nilimpa ripoti nne za mwaka, nikamwambia anunue daftari, kila kampuni ukurasa wake, juu aandike idadi ya hisa, chini yake faida ya kila hisa miaka mitano, chini yake mtaji kwa kila hisa, halafu sentensi moja kwa maneno yake mwenyewe kwa nini anaitaka na kitu gani kikitokea ataiuza. Amerudi jana. Kwenye zile nne za juu tatu amezifuta kwa ile kalamu ya bluu, na ya nne ameandika pembeni "miaka miwili ya hasara, niulize kwanza sababu", na swali lake la kwanza alipokaa lilikuwa, "mwanangu, hizi hisa zote, nani anazo?"