Uchimbaji wa asteroidi: kwa nini maji yanatafutwa kabla ya dhahabu

Asteroidi ni miamba inayolizunguka Jua kama sayari, ila ni midogo mno kuitwa sayari. Mingi imo kati ya Mirihi na Mshtarii, na mingine hupita jirani na Dunia yetu. Wa kwanza kugunduliwa ni Ceres, mwaka 1801, wenye upana wa kilomita 940 hivi. Ipo pia isiyozidi ukubwa wa nyumba. Kuichimba maana yake ni kuifuata huko huko iliko, kutoa kilichomo na kukitumia.

Wengi wakisikia hivyo huwaza dhahabu na platinamu zikiletwa duniani. Ni kweli madini yapo. Kimondo cha Mbozi kule Songwe, chenye tani 16 hivi, ni chuma na nikeli kutoka kwenye miamba ya namna hiyo. Lakini kwa anayetaka binadamu afike mbali angani, cha kwanza kutafutwa ni maji.

Mtu wa Newala au Tandahimba, kwetu Mtwara, atalielewa jambo hili upesi. Juu ya uwanda wa Makonde mvua ikinyesha hunywewa na mchanga, na maji ya kuteka yako mabondeni. Kabla ya mabomba, akina mama walishuka makorongo na kupanda tena na maji kichwani. Hata sasa maji ya chanzo cha Mitema, kule bondeni, hayafiki juu bila pampu, na pampu hailali njaa: inakula umeme usiku na mchana. Maji ni yale yale ya bondeni, kinachoyapandisha bei ni kile kilima.

Kwa roketi, kilima ni uvutano wa Dunia. Saturn V, roketi iliyowapeleka watu Mwezini kuanzia 1968, iliondoka ardhini ikiwa na uzito wa karibu tani 2,900, na takriban tisa kwa kumi ya uzito huo ni mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ilikuwa ya kuyanyanyua mafuta mengine. Lita moja ya maji ni kilo moja, na safari ya kwenda Mirihi na kurudi huchukua miaka miwili na zaidi. Kubeba kila kitu kutoka nyumbani ni mzigo wa kuvunja mgongo.

Maji yaliyokwisha kuwa angani hayana kilima hicho, na yanafanya kazi nyingi. Yananywewa. Ukiyapitishia umeme yanagawanyika kuwa oksijeni na haidrojeni: oksijeni watu wanaivuta, na zote mbili zikipozwa hadi kuwa kimiminika ni mafuta ya roketi. Hatua za juu za Saturn V zilisukumwa na gesi hizo hizo. Tena maji yakizungushiwa chumba cha wasafiri hupunguza mionzi inayowapata. Ndiyo maana wataalamu huzungumzia vituo vya mafuta angani, ambapo chombo kinajaza tangi katikati ya safari.

Usifikiri lakini kwamba kuna dimbwi la kuchota. Katika asteroidi nyeusi zenye kaboni nyingi, maji yamefungwa ndani ya madini ya udongo. Wazo lililopo ni kukusanya mwanga wa jua kwa vioo, kuupasha moto udongo huo, kunasa mvuke na kuupoza.

Tumefika wapi? Bado mwanzoni kabisa. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilirudisha gramu 5.4 kutoka asteroidi Ryugu mwaka 2020. OSIRIS-REx cha Marekani kilileta gramu 121.6 kutoka asteroidi Bennu Septemba 2023, na ndani yake umeonekana udongo wenye maji. Kiasi hicho kinatosha kwa maabara, basi.

Ugumu mwenyewe uko kwenye kazi ya mikono. Mchimbaji wa Namungo, Ruangwa, akipiga nyundo anasimama kwa uzito wake. Kwenye Bennu uzito karibu haupo: ukipiga mwamba, anayerushwa ni wewe, na vumbi halianguki chini. Mkono wa OSIRIS-REx ulipogusa uso wa Bennu ulizama karibu nusu mita, kwa kuwa ni kokoto zilizoshikamana kidogo sana. Mashine za huko itabidi zibuniwe upya, karasha zetu za kusagia mawe na nyundo hazitafaa.

Halafu kuna sheria. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha Mwezi au gimba jingine la angani. Marekani mwaka 2015, kisha Luxembourg mwaka 2017, zilitunga sheria zinazoruhusu kampuni kumiliki kinachochimbwa, bila kumiliki mwamba wenyewe. Je, hilo linapatana na mkataba? Nchi zinabishana, na kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga inalijadili. Watu wa Mtwara tunalijua swali la nani ananufaika na rasilimali. Mwaka 2013 lilitutikisa kwa sababu ya gesi. Natamani wanasheria wetu waingie kwenye mjadala huu sasa, wakati hakuna hata kilo moja iliyochimbwa. Sisi tulianza kuuliza bomba la gesi likiwa limeshapangwa.