Acheni kuwaambia wanafunzi wangu "wamalize Kiingereza kwanza"

Nimelisikia tena wiki iliyopita, na safari hii limetoka kwa mtu anayelipwa kufundisha. "Huyu kijana Kiingereza chake bado. Mweke ESL mwaka mzima, akimaliza ndipo aje kwenye biolojia yangu." (ESL ni madarasa ya Kiingereza kwa ambao si lugha yao ya kwanza.) Kabla yake nililisikia kwa baba wa mwanafunzi, na kwenye vikao vyetu Waswahili huku ughaibuni halikosi mtu wa kulitamka, kwa sauti ya hekima kabisa: kwanza anyooshe lugha, masomo yatafuata. Sasa nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

Mimi ni mshauri wa masomo kwenye chuo cha jamii, yaani chuo cha shahada ya miaka miwili, hapa Bronx, New York. Wengi wanaokaa mbele ya meza yangu ni watu wa Jamhuri ya Dominika, Ekwado, Meksiko, Puerto Rico, na miaka ya karibuni Wavenezuela. Kihispania changu nimekiokota kazini, kinatosha kuelewana na mama wa mtu. Kazi yenyewe, ukiondoa makaratasi, ni kuamua pamoja na mwanafunzi achukue kozi zipi muhula huu na zipi azikimbie.

Haya. Kwanza, Kiingereza hakimalizwi. Mimi sijakimaliza. Huyo mwalimu wa biolojia mwenyewe barua pepe zake zinatia shaka. Unachoweza kumaliza ni ngazi za ESL, na ngazi hizo zina bei ambayo mshauri asiye makini haitaji kabisa.

Ruzuku ya Pell, ile ya serikali ya shirikisho, mtu anapewa kwa kiasi kinacholingana na mihula 12 ya masomo kamili katika maisha yake yote. Ikiisha imeisha. TAP, ruzuku ya jimbo la New York, inatoa mihula 6 tu kwa anayesoma shahada ya miaka miwili. Mwanafunzi anayekaa ESL muhula baada ya muhula bila kozi ya shahada ni kama abiria wa teksi iliyokwama kwenye foleni: gari halisogei, mita inakwenda. Kuna washauri wanaojitetea kwamba ESL haihesabiwi kwenye ukomo wa krediti 30 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) za kozi za kurekebisha misingi zinazolipiwa na msaada wa shirikisho. Ni kweli, haihesabiwi humo. Lakini ikilipiwa na Pell, muhula umeliwa vilevile, na hilo hawalisemi. Ongeza sheria ya maendeleo ya masomo: kwa shahada ya krediti 60, mwanafunzi akishajaribu krediti 90 msaada wa shirikisho unakatika, amehitimu au hajahitimu.

Halafu kuna hesabu ya darasa la sita ambayo hakuna anayeifanya. Tuseme kuna ngazi tano, na kila ngazi watu 80 kati ya 100 wanafaulu na kurudi muhula unaofuata. Mwalimu yeyote angejisifu kwa darasa kama hilo. Ukizidisha hadi mwisho wa ngazi ya tano wamebaki 33. Hakuna aliyefanya vibaya popote, na bado theluthi mbili wametoweka. Wengi wao hata hawakufeli: mtoto amezaliwa, zamu ya kazi imehamishiwa usiku, nyumba imepanda kodi. Kadiri foleni inavyokuwa ndefu ndivyo maisha yanavyopata nafasi ya kuingilia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kozi moja au mbili za shahada tangu muhula wa kwanza, sambamba na ESL. Na hapa ndipo linapokuja lile jibu linalonichefua kuliko hata lile la mwanzo: "Sawa, basi mpe hesabu. Hesabu haina lugha."

Haina lugha! Aliyesema hivyo hajafungua kitabu cha takwimu cha mwaka wa kwanza. Kozi ya takwimu ni kusoma tangu ukurasa wa kwanza. Swali moja linachukua aya nzima kuhusu kiwanda cha balbu, na jibu linategemea kama umeelewa "angalau tano", "isiyozidi tano" au "pungufu ya tano". Vineno hivyo vidogo vinageuza alama ya hesabu, na ndivyo mzungumzaji wa Kihispania anavyovipata mwisho kabisa kwa Kiingereza, baada ya maneno makubwa yote. Aljebra ya milinganyo mitupu, sawa, hiyo lugha yake ni nyepesi. Lakini chuo kinawasukuma wote kwenye takwimu kwa sababu shahada nyingi zinaikubali, na mshauri mvivu anaibandika kwenye ratiba ya muhula wa kwanza akidhani amemsaidia mtu.

Na hata tarakimu zenyewe hazikubaliani. Mkolombia au Mvenezuela anaandika desimali kwa mkato na maelfu kwa nukta. Mmeksiko anaweka nukta kama Wamarekani. Namna ya kupanga mgawanyo mrefu kwenye karatasi ni tofauti: kwa wengi wao kigawanyo kinakaa kulia, na wengi wamefundishwa kutoa kwa kichwa bila kuandika hatua. Mwalimu wa hapa anataka kuona hatua, haoni, anafikiri kijana amenakili. Kisha uchumi: bilioni ya Kihispania ni milioni mara milioni, ya Marekani ni elfu moja ya milioni. Sisi wa Kiswahili tulifuata ya Kiingereza, kwa hiyo hatulioni tatizo. Mwanafunzi anayesoma deni la taifa kwenye chati analiona mara elfu zaidi, na wala si mjinga.

Sasa geuza upande wa pili. Biolojia, ile aliyonyimwa hadi amalize Kiingereza, mara nyingi ndiyo kozi inayombeba vizuri. Msamiati wa kitaaluma wa Kiingereza kwa sehemu kubwa umetoka Kilatini, na Kihispania ni mtoto wa Kilatini. Ukurasa wa kitabu cha anatomia unaomtoa jasho Mmarekani wa hapa jirani, kwa Mdominika nusu ya maneno ni ndugu zake. Kinachomwangusha ni maelekezo ya maabara: vile vitenzi vifupi vya kila siku vilivyofungwa na kihusishi, ambavyo ukibadilisha kihusishi maana yote inahama. Na utani wa mwalimu. Kwa hiyo ninachouliza kuhusu kozi si kama "ni ngumu". Nauliza nani anaifundisha, anaongea kwa kasi gani, anagawa maelekezo kwa maandishi au anayapiga kelele tu, mtihani ni wa kuchagua jibu au wa kuandika. Utangulizi wa saikolojia, ambao kila mtu anauita mwepesi, naukwepa muhula wa kwanza: kurasa nyingi, na maswali ya kuchagua yaliyojaa mitego ya "yote isipokuwa". Kozi ya kuhutubia, ambayo kila mtu anaiogopa, naipenda. Hotuba unaiandaa nyumbani, unaikariri ukitaka, na kuanzia wiki ya nne darasa zima linakujua jina.

Nitaulizwa na Mtanzania yeyote anayesoma hapa: lakini hicho si ndicho kilichotuua Kidato cha Kwanza? Miaka saba unasoma kwa Kiswahili, Januari unaingia sekondari na kemia imegeuka Kiingereza. Swali ni zuri, na linanisumbua kuliko ninavyokubali kwenye mikutano ya idara. Tofauti ninayoiona ni kwamba kule masomo karibu yote yanageuka siku moja na hakuna anayekuchagulia uanze na lipi. Hapa ninaongelea kozi moja au mbili zilizochaguliwa kwa makusudi, na mwalimu wa lugha pembeni. Ukimwondoa huyo mwalimu wa pembeni kwa sababu bajeti imekatwa, mpango wangu unafanana na Kidato cha Kwanza kwa kila kitu isipokuwa sare.

Mfumo wa kozi pacha, yaani Kiingereza cha chuo pamoja na darasa la msaada muhula huohuo, ulipata umaarufu kutoka chuo cha jamii cha Baltimore County, kilichouanza mwaka 2007. California ikapitisha sheria ya AB 705 mwaka 2017 kuvizuia vyuo kuwarundika wanafunzi kwenye kozi za kurekebisha misingi. Watu wa ESL wakapewa dirisha la miaka mitatu badala ya mwaka mmoja. Mimi ni muumini wa mwelekeo huo. Lakini wastani wa wanafunzi hauketi mbele ya meza yangu. Anaketi mama wa miaka 38 aliyepata F mbili muhula wa kwanza, GPA, yaani wastani wake wa alama, imezama, na kuna siku namtazama na kujiuliza kama mwaka mmoja wa taratibu usingemfaa zaidi. CUNY, Chuo Kikuu cha Jiji la New York, yenyewe ina programu ya lugha tupu tangu 1995, CLIP, inayomruhusu mtu kusoma Kiingereza kwa saa nyingi kwa wiki bila kugusa ruzuku zake. Kwa anayeanza karibu na sifuri, na anayeweza kupata hizo saa, nampeleka huko bila kigugumizi. Hilo halipingani na yote niliyosema juu: mita haisomi.

Bronx ina historia na jambo hili. Hostos, chuo cha jamii kilichoanzishwa mwaka 1968, kilijengwa juu ya wazo kwamba Mpuertoriko aanze masomo kwa Kihispania huku Kiingereza kikija. Mwaka 1997 bodi ya CUNY, siku chache kabla ya mahafali, ikashikilia kwamba lazima wafaulu mtihani wa kuandika Kiingereza ndipo wapewe shahada. Likafika mahakamani. Mpaka leo ukitaja jambo hilo mbele ya watu wazima wa mtaa huu, kaa chini, utasikia pande zote mbili. Wengine watakuambia chuo kiliwadanganya wanafunzi kwa kuwaacha wasomee Kihispania hadi mwisho. Sidhani walidanganywa. Lakini sina jibu safi kwa swali la muda gani kozi za Kihispania zinamsaidia mtu na lini zinaanza kumficha.

Kosa la upande wa pili ni la kijana anayezungumza vizuri mno. Amekuja akiwa na miaka tisa, Kiingereza chake cha mtaani kinang'aa, ukimtania anakutania. Mwalimu anasema huyu hana shida. Mwingine anaona jina la Kihispania na kumtupa ESL pamoja na waliofika juzi, naye anatukanika, kwa haki. Mtafiti wa lugha Jim Cummins alitenganisha mwaka 1979 lugha ya mazungumzo na lugha ya darasani: ya kwanza inakuja kwa miaka miwili hivi, ya pili inaweza kuchukua mitano hadi saba. Washauri wenzangu wanazitaja namba hizo kama maandiko matakatifu. Zilitokana na watoto wa shule. Kuzibandika kwa mtu wa miaka 19 aliyesoma sekondari nzuri Quito, au kwa aliyeishia darasa la nane, ni kubahatisha. Huyo kijana wa mtaani anahitaji kuandika, na kusomewa kazi yake na mtu mvumilivu, basi.

Mengine kwa haraka. Mpuertoriko ni raia wa Marekani kwa sheria ya 1917. Anajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa shirikisho, kama mtu wa Ohio, acheni kumwelekeza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Majina mawili ya ukoo yaandikwe namna moja kila mahali, vinginevyo mtu anajikuta na mafaili mawili, moja lina alama na jingine lina deni. Alama za kwao msizisome kwa macho ya hapa: 4 ya Chile kwenye kipimo cha 1 hadi 7 ni kufaulu, 10 ya Venezuela kati ya 20 ni kufaulu, 3 ya Kolombia kati ya 5 vilevile. Nimeona mtu aliyefaulu akiandikiwa amefeli na karani aliyeona "10/20". Mtihani wa CLEP wa Kihispania unaweza kumpa krediti kwa lugha ya mama yake. Kwanza aulize kama shahada yake inazihitaji. Wazazi wakija, na watakuja, wakaribisheni, ila sheria ya faragha ya 1974 inataka mwanafunzi aridhie kwa maandishi kabla sijafungua faili.

Jambo ambalo watu wa nyumbani wangelielewa kuliko Wamarekani ni hili la kozi za jumla. Santo Domingo, kama Dar es Salaam au Nairobi, unadahiliwa kwenye fani, unakabidhiwa mpangilio wa miaka yote, unaufuata. Hapa anayetaka uuguzi anaambiwa achague historia ya sanaa au falsafa. Anadhani anaibiwa hela. Maelezo yangu ya faida za elimu pana hayajawahi kumshawishi yeyote, hata mimi siku nyingine. Nilichojifunza ni kuitumia kozi hiyo kwa kazi ya lugha: achague mada anayoifahamu tayari. Historia ya Karibi, kwa mfano. Mdominika anayesoma kwa Kiingereza habari za Trujillo, yule dikteta wa kwao, ambazo bibi yake alimsimulia, hafungui kamusi kila mstari, na ana la kusema darasani.

Na tafadhali, krediti 12. Zinatosha kuhesabiwa mwanafunzi kamili kwa Pell na TAP. Kuna kampeni ya nchi nzima ya kuwasukuma wote wachukue 15 ili wahitimu kwa wakati, na bango lake lipo kwenye korido nje ya ofisi yangu. Anayefua shuka hotelini hadi saa saba usiku na ana ESL asubuhi, nampa 12, bango libaki hapo lilipo.