Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu na hofu ya kuhema

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu: mwenye ugonjwa sugu wa mapafu asifanye mazoezi, eti kuhema kunayamaliza mapafu. Si kweli. Mapitio ya utafiti ya mwaka 2015, yaliyojumlisha majaribio 65, yalionyesha kuwa mazoezi ya utengamao, yaani ya kumrudishia mgonjwa nguvu na uwezo, hupunguza kukosa pumzi. Mapafu yenyewe hayaponi. Misuli ya miguu ndiyo hupata nguvu, ikahitaji hewa kidogo kwa kazi ileile. Kipimo cha maendeleo ya mgonjwa ni rahisi: mgonjwa hutembea dakika 6 mbele ya mtaalamu, umbali unaandikwa, kisha hurudia baada ya wiki kadhaa. Hofu inaeleweka, nani asiyeshtuka mama akihema ngazini? Aliyezidiwa ghafla aonwe na daktari kwanza. Ujumbe ukikufikia, usiusambaze.