Kabla ya Januari, mpe mchele achambue

Kila Desemba wazazi hunipigia simu na swali lile lile: "Mwalimu, mwanangu anaanza darasa la awali Januari. Nimnunulie daftari gani nianze kumfundisha?" Nimefundisha watoto wa awali hapa Morogoro kwa miaka 14, na jibu langu halijabadilika. Daftari liache dukani. Wiki hizi zilizobaki ni zenu wawili.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Kwa mtoto wa miaka 5, mingine bado ni gegedu laini. Ukimkalisha na penseli saa nzima ataishika kwa ngumi, atachoka, kisha ataichukia. Mpe ungo mchambue mchele pamoja. Vile vidole viwili vinavyookota kijiwe ndivyo vitakavyoshika penseli. Kumenya njegere, kukanda unga wa chapati, kuanika soksi kwa vibanio, yote ni mazoezi ya mkono. Na mikono ikiwa kazini, midomo huongea. Hapo ndipo penye mali.

Mwaka mmoja nilimpokea mtoto aliyeandika 1 hadi 100 bila kukosea. Siku ya tatu alijikojolea darasani, kwa sababu hakujua amwambieje mtu asiyemzoea kwamba amebanwa. Iliniuma sana. Wazazi wake walikuwa wamejitahidi mno, ila hizo namba ningemfundisha mimi. Kusema shida yake bila woga hujifunza kwanza kwa anayemsikiliza nyumbani.

Kusoma nako huanzia masikioni. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anayezisikia silabi vizuri hatateseka na ba, be, bi, bo, bu. Pigeni makofi kwa kila silabi mkiwa njiani kwenda sokoni: ba-ba, ndi-zi, ka-ro-ti. Kisha muulize: "tembo" ana makofi mangapi, na "mbu" je? Wengi hudhani tembo atazidi kwa kuwa ni mkubwa. Wakipiga, te-mbo, m-bu, wanakuta yote ni mawili, na macho yanawatoka. Mtoto hapo ameelewa kwamba neno lina umbo lake, mbali na kile linachokitaja. Napenda dakika hiyo kuliko zote katika kazi yangu.

Najua wengi mnarudi usiku, mmechoka na daladala. Dakika 15 zinatosha. Zimeni televisheni, mtegee kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Akishindwa, mwambie akupe mji, umpe jibu: yai. Kesho mwache yeye akutegee, hata kama kitendawili chake hakina kichwa wala miguu.

Choo, kunawa mikono, kufungua chombo cha chakula: afanye mwenyewe tangu sasa, taratibu, hata akimwaga.

Kuna zoezi moja ambalo wazazi hulisahau. Mwache kwa shangazi au bibi kwa saa chache, mara tatu au nne kabla shule hazijafunguliwa. Usitoroke akiwa anacheza. Muage, mwambie utamfuata baada ya chakula cha mchana, na ufike baada ya chakula cha mchana. Siku ya kwanza getini anaweza kulia bado, lakini ukimwambia unarudi, atakuwa na sababu ya kukuamini.